Mtandao Ukikatika Nyumbani: Kupima Kwanza, Kulaumu Baadaye

Katika nyumba nyingi za mijini siku hizi hakuna kauli inayosikika mara nyingi kuliko ile isemayo, "Mtandao unasumbua." Kompyuta ikikataa kufungua ukurasa, mtandao unasumbua; simu ikichelewa kupokea picha, mtandao unasumbua; kijana akishindwa kutuma kazi yake ya chuo, lawama ni hiyo hiyo. Kauli hii hutumika kama lilivyotumika neno "homa" kabla ya hadubini kufika katika zahanati. Malaria iliitwa homa, kichomi kiliitwa homa, na homa ya matumbo nayo ikaitwa homa. Na kwa kuwa jina lilikuwa moja, dawa nayo ikawa moja. Wako waliopona, lakini walipona kwa bahati.

Makala haya yanashikilia kwamba matatizo mengi ya mtandao wa nyumbani huweza kutambuliwa, na aghalabu kuondolewa, na mwenye nyumba mwenyewe, bila ya shahada ya uhandisi. Kinachokosekana si akili wala vifaa, bali ni tabia ya kupima kwa utaratibu. Na maadam tabia hiyo ndiyo msingi wa sayansi yote, kukosekana kwake katika jambo dogo la nyumbani ni dalili ya upungufu mkubwa zaidi katika elimu.

Gharama ya kutojua

Zamani mtandao ulipokatika, hasara ilikuwa kukosa barua za kompyuta. Leo mambo ni mengine. Mwombaji wa mkopo wa elimu ya juu hapa Tanzania hujaza maombi yake kwa njia ya mtandao, na dirisha la maombi lina siku yake ya kufungwa. Mwenye duka hutoa stakabadhi na kupokea malipo kwa njia hiyo hiyo. Mtu asiyejua aanzie wapi hulipa mara tatu: hulipia kifurushi asichokitumia, hulipa ujira wa fundi aliyeitwa kuja kuchomeka waya uliochomoka, na hulipa kwa saa au siku zilizopotea akisubiri. Lililo baya zaidi, huanza kuamini kwamba chombo kile ni cha kiuganga, chenye siku za kukubali na siku za kugoma, wala hakina sababu zinazoweza kutafutwa. Jamii inayoviona vyombo vyake kwa jicho hilo haiwezi kuvitawala.

Mnyororo na pete zake

Kabla ya kutafuta kosa, hapana budi kujua njia ambayo ujumbe hupita. Kompyuta au simu huzungumza kwanza na ruta, ama kwa waya, ama kwa mawimbi ya redio yanayojulikana kwa jina la waifai. Ruta huzungumza na kituo cha mtoa huduma kwa kupitia mkongo, waya wa shaba au mnara wa simu. Kutoka hapo ujumbe huingia katika mikongo mikubwa ya nchi kavu, kisha, ikiwa unakwenda ng'ambo, huingia katika mkongo wa baharini hadi kwenye mashine inayotakiwa. Jibu hurudi kwa safari ya namna hiyo hiyo. Pete moja ikikatika, mnyororo wote haufai. Lakini haifuati kwamba pete zote zimekatika.

Hapa ndipo penye kosa la fikra lililoenea kuliko yote. Watu huona vile vistari vya waifai vimejaa juu ya kioo cha simu, wakasema, "Mtandao umejaa, lakini hauendi." Vistari vile havielezi chochote juu ya intaneti. Huonyesha nguvu ya mawimbi kati ya simu na ruta tu, yaani pete ya kwanza ya mnyororo. Bomba la jikoni laweza kuwa zima kabisa ilhali tangi la mtaa ni kavu. Mtu akishakubali kwamba kuunganishwa na ruta ni jambo moja, na ruta kuunganishwa na dunia ni jambo jingine, nusu ya kazi ya utambuzi imekwisha.

Maswali matatu

Utaratibu wenyewe ni wa kuugawa mnyororo na kuuliza kosa liko upande upi.

Swali la kwanza: Je, tatizo ni la chombo kimoja au vyote? Kompyuta ikigoma, na ichukuliwe simu iliyounganishwa na ruta ile ile, si kwa kifurushi chake yenyewe. Simu ikifungua kurasa, basi ruta, mkongo na bahari vyote havina hatia. Mgonjwa ni kompyuta. Jaribio hilo huchukua dakika moja na halihitaji kifaa chochote cha kununua.

Swali la pili: Je, tatizo ni la ukurasa mmoja au wote? Ikiwa kurasa nyingine zote zinafunguka, basi kosa liko kwa mwenye ukurasa ule, na hakuna fundi wa mtaani awezaye kulitibu.

Swali la tatu: Je, taa za ruta zinasema nini? Taa zile hazikuwekwa kwa urembo. Katika visanduku vingi vya mkongo ipo taa yenye herufi LOS. Ikiwaka nyekundu, maana yake ni kwamba mwanga unaopaswa kufika kwa njia ya mkongo haufiki. Yawezekana mkongo umepinda mno nyuma ya kabati, au umekatwa na wachimbaji wa mtaro barabarani. Katika hali hiyo kuizima na kuiwasha kompyuta mara kumi ni kazi bure. Kwa ruta zinazotumia laini ya simu, maswali ya kuongeza ni mawili tu: je, kifurushi kimekwisha? Je, mnara unapatikana vizuri mahali ruta ilipowekwa?

Mawimbi na kuta

Huenda ikaonekana kwamba mtandao upo, ila ni wa kusuasua: sebuleni ni mwepesi, chumbani hauendi. Sababu zake ni za fizikia. Waifai ya kawaida hutumia mawimbi ya gigahezi 2.4, ambayo urefu wa kila wimbi ni kama sentimita 12 na nusu, au ya gigahezi 5, yaliyo mafupi zaidi. Mawimbi ya gigahezi 5 hubeba habari nyingi zaidi kwa sekunde, lakini hudhoofika upesi yapitapo ukutani. Zege lenye nondo, bati, kioo cha kujitazamia na tangi la maji ni vizuizi vikubwa kwa aina zote mbili. Hata hivyo, katika nyumba nyingi ruta hufichwa nyuma ya televisheni, au hufungiwa ndani ya kabati la chuma ili isiguswe na watoto, kisha ikalaumiwa kwa unyonge. Mahali pake panapofaa ni katikati ya nyumba, juu kidogo, peupe.

Kuna pia msongamano. Tanuri la maikrowevu hufanya kazi kwa mawimbi ya karibu gigahezi 2.45, na linapowaka huweza kuyavuruga mawasiliano yaliyo jirani. Katika majengo ya ghorofa, ruta za majirani huzungumza zote kwa pamoja katika ukanda ule ule, kama watu sokoni. Ukanda huo umegawanywa katika njia, na tatu kati ya hizo, yaani ya 1, ya 6 na ya 11, haziingiliani. Kuihamisha ruta kutoka njia iliyojaa hadi iliyo tupu hakugharimu hata senti moja.

Kadhalika, lawama nyingine za uzito wa mtandao hutokana na hesabu. Mtoa huduma hutangaza kasi kwa megabiti, ilhali kompyuta huonyesha ukubwa wa faili kwa megabaiti, na baiti moja ni biti 8. Aliyelipia megabiti 10 kwa sekunde atapokea, hali ikiwa njema kabisa, megabaiti 1.25 kwa sekunde. Filamu ya megabaiti 750 itamchukua dakika 10. Asiyejua tofauti hiyo hudhani ameibiwa. Anayeijua huweza kupima, na ikiwa kweli ameibiwa, huweza kuthibitisha.

Namba na majina

Ikiwa maswali matatu ya mwanzo hayakutoa jibu, ziko ala nyingine ambazo tayari zimo ndani ya kompyuta. Mojawapo ni programu iitwayo ping, iliyoandikwa na Mmarekani Mike Muuss mnamo Desemba 1983. Jina lake limetokana na mlio wa chombo cha manowari kinachotuma sauti majini na kusikiliza mwangwi. Ping nayo hutuma ujumbe mfupi kwenye anwani fulani na kupima muda wa mwangwi wake kurudi.

Matumizi yake yafuate mnyororo. Kwanza ijaribiwe anwani ya ruta, ambayo katika nyumba nyingi ni 192.168.1.1 au 192.168.0.1. Ikijibu, pete ya kwanza ni nzima. Kisha ijaribiwe anwani ya mbali, kwa mfano 8.8.8.8, ambayo ni ya huduma ya umma ya Google. Ikijibu, intaneti inafikika. Mwisho lijaribiwe jina la tovuti badala ya namba. Ni kweli kwamba baadhi ya mashine zimeamriwa zisijibu, kwa hiyo kimya cha anwani moja si ushahidi wa kutosha. Lakini anayejaribu mbili au tatu hapotei.

Ikitokea kwamba namba zinajibu lakini majina hayajibu, ugonjwa umejulikana. Kompyuta hazitambui majina, hutambua namba. Katika miaka ya mwanzo ya mtandao wa Marekani, majina yote ya kompyuta na namba zake yaliorodheshwa katika faili moja ambalo kila mmoja alilinakili. Mwaka 1983 Paul Mockapetris alibuni mfumo wa majina, unaofahamika kwa herufi DNS, ambao ni kama daftari kubwa lililogawanywa kwa watunzaji wengi. Mtunzaji aliyepangiwa nyumba fulani akiugua, nyumba hiyo huonekana kama imekatiwa mtandao, ilhali njia ni nyeupe. Tiba yake ni kuielekeza kompyuta au ruta kwa mtunzaji mwingine wa daftari, kazi ya dakika tano.

Dalili nyingine ya kukumbukwa ni anwani inayoanza na 169.254. Kwa kawaida ruta hukigawia kila chombo anwani yake. Chombo kikiomba na kisijibiwe, hujipa chenyewe anwani ya aina hiyo. Kwa hiyo anayeikuta namba hiyo katika kompyuta yake ajue kwamba kompyuta na ruta hazikuelewana: huenda waya ni mbovu, au ruta imekwama, au imemaliza anwani za kugawa.

Ipo pia dalili inayowababaisha hata mafundi. Kompyuta kuukuu, na zilizonunuliwa zikiwa mtumba ni nyingi, huwa na betri ndogo ya mviringo inayoendesha saa yake wakati umeme haupo. Betri hiyo ikifa, kila umeme unapokatika saa hurudi nyuma kwa miaka kadhaa. Kurasa salama huthibitishwa kwa hati zenye tarehe ya kuanza na tarehe ya kumalizika. Kompyuta inayodhani kwamba bado ni miaka ya nyuma huziona hati hizo kuwa hazijaanza kutumika, nayo hukataa kufungua kurasa. Watu hubadilisha ruta na hata mtoa huduma, na kumbe kilichohitajika ni kurekebisha saa na kununua betri.

Dawa inayozidisha ugonjwa

Kuizima ruta na kuiwasha si ushirikina. Ruta ni kompyuta ndogo. Kumbukumbu yake huweza kujaa au kuvurugika, hasa umeme unapopungua na kurudi ghafla, na kuianzisha upya huisafisha na kuifanya iombe muunganisho mpya. Inatosha kuichomoa, kusubiri nusu dakika, na kuirudisha. Kosa ni kuifanya kuwa dawa ya kwanza na ya mwisho, bila kutazama taa kabla ya kuzima, kwa maana kuzima hufuta ushahidi.

Lakini iko dawa nyingine ya hatari. Nyuma ya ruta pana kitundu kidogo chenye kitufe ndani yake. Wengi, kwa ushauri wa jirani, hukibonyeza kwa sindano kwa sekunde 10 au zaidi wakidhani ni namna nyingine ya kuzima na kuwasha. Sivyo. Kitufe hicho huirudisha ruta katika hali ya kiwandani: jina la waifai, nywila, na mara nyingi hata maelezo ya mtoa huduma hufutika. Tatizo lililokuwa la waya uliolegea sasa linahitaji fundi. Hali kadhalika, kuazima adapta ya kifaa kingine kwa sababu tu kichwa chake kinaingia ni kucheza na moto: ruta ya volti 12 haitawaka sawasawa kwa volti 5, na ya volti 5 yaweza kuungua kwa volti 12. Volti zimeandikwa juu ya adapta. Kinachotakiwa ni kusoma.

Kosa linapokuwa mbali

Haya yote hayamaanishi kwamba mtoa huduma hana kosa kamwe. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, mikongo miwili ya baharini, EASSy na SEACOM, ilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini, na huduma za intaneti zikadhoofika katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki, Tanzania ikiwa miongoni mwao. Siku ile hapakuwa na ruta ya nyumbani iliyokuwa na hatia. Huduma zilianza kurejea kwa kupitishwa katika njia nyingine, kwa maana mikongo ya baharini hutengenezwa na meli maalumu, wala si kazi ya siku moja.

Tukio hilo lina mafunzo mawili. La kwanza, eneo hili limepiga hatua: kabla ya mkongo wa SEACOM kuanza kutoa huduma mnamo Julai 2009, Afrika Mashariki ilitegemea setilaiti zilizo umbali wa kilomita 35,786 juu ya ikweta, ambapo swali na jibu lake vilitumia karibu nusu sekunde angani hata mawasiliano yakiwa mazuri. La pili, aliyezoea kupima alitambua mapema siku ile kwamba ruta inajibu, vyombo vyote nyumbani vina hali moja, na tovuti za mbali ndizo zisizofikika. Akaiacha sindano mahali pake. Kujua kwamba kosa si lako nako ni maarifa, na huokoa fedha.

Hoja ya upande wa pili

Wapo watakaosema kwamba mwananchi halazimiki kujua haya. Dereva wa daladala si fundi wa magari, na anayelipia huduma ana haki ya kuipata bila kufanywa mhandisi. Hoja hii ina ukweli, lakini haifiki mbali. Dereva hatakiwi kufungua injini, lakini anatakiwa kujua kutazama mafuta, maji na upepo wa magurudumu, na asiyejua hayo hapewi gari. Maswali matatu yaliyotajwa ni sawa na kutazama mafuta na maji.

Tena, ni haki hiyo hiyo inayotetewa. Mteja anayepiga simu na kusema tu, "Mtandao unasumbua," hujibiwa, "Zima, washa." Mteja anayesema kwamba tangu saa 2 asubuhi taa ya LOS ni nyekundu, na vyombo vyote vitatu havipati intaneti, hawezi kuzungushwa kirahisi, na malalamiko yake yasipotatuliwa na mtoa huduma na yakafikishwa kwa Mamlaka ya Mawasiliano, yana tarehe, saa na ushahidi. Asiyepima hana silaha katika mabishano hayo.

Lipasalo kufanywa

Mzigo huu usiachiwe mwananchi peke yake. Watoa huduma wanapaswa kubandika juu ya kila ruta maelezo ya taa zake kwa Kiswahili safi, kwa maandishi yanayosomeka, badala ya kijitabu cha lugha ya kigeni kinachotupwa pamoja na boksi. Aidha, wanapaswa kutangaza mara moja na kwa ukweli pale hitilafu inapokuwa upande wao. Kimya chao ndicho kinachowafanya maelfu ya watu kubonyeza vitufe wasivyovijua. Nazo shule, zinazofundisha wanafunzi kukariri sehemu za kompyuta, ziwape waya mbovu na mzima, ruta iliyozimwa na saa iliyorudishwa nyuma, na ziwaulize: kosa liko wapi, na umejuaje? Somo hilo la saa moja litafundisha mbinu ya kisayansi kuliko ufafanuzi wowote wa ubaoni.

Kwa watu wazima, nchi hii ina mfano wake yenyewe. Mwaka 1973 kampeni ya "Mtu ni Afya" iliwakusanya watu wazima wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio na kujadiliana juu ya maji, mbu na vyoo. Hawakufanywa madaktari, walifundishwa kutambua chanzo cha ugonjwa kilichomo nyumbani mwao na kukiondoa kwa mikono yao. Vyombo vimebadilika, lakini haja ni ile ile.

Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Ufa wenyewe katika jambo hili si waya uliochomoka, bali ni mazoea ya kutaja lawama kabla ya kutazama. Nyumba ambamo mtoto anaulizwa, "Umetazama taa? Umejaribu kwa chombo kingine?" kabla ya fundi kuitwa, ni nyumba ambamo sayansi imeanza kuishi. Mtoto huyo ndiye atakayeulizwa kesho kwa nini mashine ya hospitali imesimama, au kwa nini pampu ya kijiji haitoi maji, naye hatajibu kwamba inasumbua. Atakwenda kupima.